Mhasibu anapogeuka mzigo kwa mfanyabiashara mdogo wa Singida

Kila ufikapo mwezi Juni, mkoani Singida mambo mawili hukutana. Vijijini, kuanzia Iramba na Mkalama hadi Ikungi na Manyoni, alizeti huwa imevunwa na magunia yanatafuta wanunuzi. Mjini, tarehe 30 ya mwezi huo huo ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani ya mwaka ya kodi ya mapato kwa mfanyabiashara anayefunga hesabu zake tarehe 31 Desemba, na ndiyo siku ya mwisho ya kulipa awamu ya pili ya kodi ya makadirio ya mwaka unaoendelea.

Katika siku hizo mwenye kinu kidogo cha kukamua mafuta huwa yuko vijijini na mizani yake, akishindana na wanunuzi wakubwa. Hesabu zake huwa mikononi mwa mtu mwingine.

Mtu huyo ni mhasibu. Akiwa mwepesi wa kazi na mwenye kujibu anapoulizwa, msimu hupita bila kishindo. Akiwa mzito, mwenye kinu huja kugundua baada ya miezi kadhaa, mara nyingi pale anapokwenda kuhuisha leseni ya biashara na kuambiwa kuwa hana hati ya uthibitisho wa kulipa kodi, au pale benki inapomtaka alete hesabu za miaka iliyopita kabla ya kufikiria ombi lake la mkopo. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema lolote kuhusu daftari linaloshikwa na mtu asiyepokea simu.

Jambo la kwanza ambalo wafanyabiashara wengi hawalifahamu ni kwamba, mbele ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), mwenye deni ni mlipakodi na si mhasibu wake. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 humwelekezea wajibu yule ambaye namba ya utambulisho wa mlipakodi, yaani TIN, imesajiliwa kwa jina lake. Maelezo ya kwamba "mhasibu aliniambia amekwisha kupeleka" hayafuti adhabu, ingawa yanaweza kusikilizwa pale mlipakodi anapoomba kupunguziwa.

Adhabu yenyewe si ndogo kwa biashara changa. Kwa mujibu wa sheria hiyo, anayechelewa kuwasilisha ritani hutozwa, kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, asilimia 2.5 ya kodi iliyobaki bila kulipwa au pointi 5 za sarafu kwa mtu binafsi na pointi 15 kwa kampuni, kinachotozwa kikiwa ni kiasi kilicho kikubwa zaidi. Sheria ilipoanza kutumika, pointi moja ilikuwa na thamani ya shilingi 15,000. Hiyo ilikuwa na maana kwamba kampuni ndogo iliyosahauliwa na mhasibu wake kwa miezi 10 iliingia katika deni la shilingi 2,250,000 hata kama haikuwa imepata faida yoyote. Riba ya kodi iliyocheleweshwa huhesabiwa kando.

Kampuni zilizolala ndizo huumia zaidi kwa namna hii. Mtu husajili kampuni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) akitarajia zabuni ya halmashauri, zabuni haipatikani, naye huendelea na duka lake akidhani kwamba kampuni isiyofanya kazi haidaiwi kitu. Mhasibu aliyemwandalia nyaraka za usajili alikuwa na wajibu wa kumweleza kwamba ritani hutakiwa hata kwa kampuni isiyouza kitu, na kwamba BRELA nayo ina taarifa yake ya mwaka. Asipoelezwa, deni hukua kimya kimya.

Uzito wa mhasibu hujitokeza kwa sura mbalimbali. Wa kwanza ni yule anayeonekana mara moja tu kwa mwaka. Hufika katika wiki ya mwisho ya Juni, huomba jumla ya mauzo kwa mdomo, kisha huandika matumizi kwa kukisia ili faida ionekane ndogo. Hesabu za namna hiyo hupendeza siku zinapopelekwa. Tatizo huja pale afisa wa kodi anapofanya ukaguzi na kuomba stakabadhi za kila kifungu, kwa kuwa sheria inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka mitano.

Wa pili ni yule anayepeleka ritani sifuri. Mteja hulipa ada, ritani hupelekwa ikionyesha kwamba hakuna kilichouzwa, na kila mmoja hutulia. Njia hii ilikuwa rahisi zaidi zamani. Tangu mashine za kielektroniki za kutolea risiti zilipoanza kutumika nchini mwaka 2010, kwanza kwa waliosajiliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) na baadaye kwa wengine, mauzo yanayopigwa katika mashine hufika TRA yenyewe. Ritani inayosema sifuri na mashine inayosema milioni 60 haziwezi kukaa pamoja kwa muda mrefu, na anayeitwa kujieleza ni mwenye duka.

Wa tatu ni hatari kuliko wote: yule anayepokea fedha taslimu za kodi kwa ahadi ya kwenda kulipa. Hakuna sababu ya jambo hili kufanyika. Kodi hulipwa kwa namba maalumu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroo namba, na malipo yanaweza kufanywa benki au kwa simu ya mkononi na mwenye biashara mwenyewe. Kazi ya mhasibu ni kukokotoa kiasi na kupata namba hiyo. Fedha hazina haja ya kupita mkononi mwake.

Kuna pia jambo ambalo limeletwa na mtandao. Ritani sasa hupelekwa kwa njia ya kompyuta, na akaunti ya mlipakodi hufunguliwa kwa namba ya simu na anwani ya barua pepe. Mhasibu anayetaka kurahisisha kazi huweka namba yake na barua pepe yake. Kuanzia siku hiyo taarifa zote za TRA, zikiwamo za makadirio na madai, humwendea yeye. Siku wakigombana, au siku atakapohama Singida kwenda Dodoma au Mwanza, mwenye biashara hubaki nje ya nyumba yake mwenyewe huku ufunguo ukiwa mfukoni mwa mwingine. Dawa ni nyepesi: simu na barua pepe ziwe za mwenye biashara, na neno la siri lijulikane naye.

Ugumu wa pekee wa Singida, hata hivyo, uko katika ununuzi wa mazao. Mwenye kinu hununua alizeti kwa wakulima mmoja mmoja: gunia mbili kwa huyu, tano kwa yule, kwa fedha taslimu, chini ya mti au kwenye ghala la kijiji. Mkulima hana mashine ya risiti wala kitabu cha stakabadhi. Hapo ndipo mhasibu mzuri na mhasibu mbaya wanapotofautiana, na tofauti hiyo inaweza kuhesabiwa kwa fedha.

Mfano mwepesi unatosha kuonyesha. Chukulia kampuni ndogo inayouza mafuta na mashudu ya shilingi milioni 180 kwa mwaka. Imenunua alizeti ya milioni 130, na imetumia milioni 30 kwa umeme, mishahara, usafiri na matengenezo. Faida yake ni milioni 20, na kwa kiwango cha kawaida cha kodi ya kampuni cha asilimia 30 inapaswa kulipa milioni 6.

Sasa chukulia kwamba katika ile alizeti ya milioni 130, ununuzi wa milioni 50 hauna karatasi yoyote. Mkaguzi wa kodi akiukataa kwa kukosa uthibitisho, faida mbele ya kodi inakuwa milioni 70 na kodi inafika milioni 21. Kampuni haijapata hata senti moja ya ziada. Inadaiwa kodi inayozidi faida yake yote ya mwaka kwa sababu hakuna aliyemwambia mnunuzi wake aandike jina la mkulima, kijiji, namba ya simu, uzito, bei na tarehe, kisha mkulima atie sahihi au alama ya dole gumba.

Mhasibu anayefahamu biashara ya mazao hulitengeneza daftari hilo la ununuzi kabla ya msimu, mwezi Aprili au mapema Mei, na humfundisha kijana anayeshika mizani jinsi ya kulijaza. Anayesubiri Juni ya mwaka unaofuata kuuliza karatasi ziko wapi, hata akiwa na vyeti vingi ukutani, amemfikia mteja wake akiwa amechelewa.

Mambo hayo hayo yanawahusu wanaonunua vitunguu na dengu, na wale wanaokusanya kuku wa kienyeji vijijini ili kuwasafirisha kwenda Dar es Salaam. Kwa wafanyabiashara wa kuku hali ni ngumu zaidi, kwani wapo wanaokufa njiani, na kuku aliyekufa asipoandikwa siku hiyo hiyo huonekana baadaye katika hesabu kama kuku aliyeuzwa bila risiti.

Je, mhasibu ni nani kisheria? Swali hili linastahili jibu kwa kuwa jina hilo hutumika ovyo. Nchini Tanzania taaluma hii inasimamiwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoundwa kwa Sheria Namba 33 ya mwaka 1972. Bodi hutahini watahiniwa wake mwezi Mei na Novemba, husajili wanataaluma kwa madaraja, na hutoa vyeti kwa wale wanaoruhusiwa kufanya kazi kwa umma, yaani kufungua ofisi na kuthibitisha hesabu za watu wengine. Kuhitimu chuo hakumfanyi mtu kuwa mhasibu aliyeidhinishwa kufanya kazi hiyo ya mwisho.

Singida ina bahati katika hili, kwa kuwa Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) ina kampasi mkoani humo. Vijana waliosomea vitabu vya hesabu hawako mbali. Wengi wanaweza kabisa kuandika daftari la fedha, kupanga stakabadhi na kuandaa mizania ya majaribio. Kosa hutokea pale kijana huyo anapoachiwa kufanya yote, kisha hesabu zikapelekwa kwa mtaalamu wa mji mwingine azigonge mhuri bila kumwona mteja wala karatasi zake. Mwenye biashara hudhani ana mhasibu mmoja. Kwa kweli ana wawili, na hakuna hata mmoja anayewajibika kwake.

Ni haki kusema pia kwamba si kila mfanyabiashara mdogo anamhitaji mtaalamu huyo wa mhuri. Mwaka 2019 Sheria ya Fedha ilipandisha kikomo cha mauzo kwa watu binafsi wanaotozwa kodi kwa kukadiriwa kutokana na mauzo, kutoka shilingi milioni 20 hadi milioni 100 kwa mwaka. Mwaka huo huo mauzo ambayo kuanzia hapo mtu binafsi alilazimika kuwa na hesabu zilizoandaliwa na mhasibu aliyeidhinishwa nayo yalipandishwa kutoka milioni 20 hadi milioni 100. Vikomo vya namna hii hubadilishwa na bajeti, hivyo vinafaa kuulizwa upya katika ofisi ya TRA kila baada ya Julai Mosi. Mhasibu anayeendelea kumtoza mwenye duka dogo ada ya hesabu kamili bila kumweleza mabadiliko hayo anajisaidia mwenyewe.

Anachohitaji mwenye duka dogo ni daftari. Kwa viwango vya mwaka 2019, mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka alitakiwa kulipa 100,000 ikiwa hakuwa na kumbukumbu, au asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4 ikiwa alikuwa nazo. Mwenye mauzo ya milioni 5 na daftari safi alilipa 30,000, wakati jirani yake mwenye mauzo yale yale na asiye na daftari alilipa zaidi ya mara tatu. Daftari hilo halihitaji shahada. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973 na lenye ofisi mikoani, limekuwa likifundisha utunzaji wa kumbukumbu kwa wajasiriamali, na ni mahali pazuri pa kuanzia kabla ya kuajiri mtu.

Hali hubadilika biashara inapokua. Anayesajiliwa katika VAT hupaswa kupeleka ritani kila mwezi, kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kikomo cha kusajiliwa kilikuwa mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kilipandishwa hadi milioni 200 kuanzia Julai 2023. Mwenye wafanyakazi naye hukabiliwa na kodi ya mishahara, inayotakiwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na michango ya hifadhi ya jamii. Hapo mhasibu wa mara moja kwa mwaka hafai tena.

Anayetafuta mhasibu anaweza kuanza kwa kumwuliza namba yake ya usajili na kuihakiki NBAA. Anaweza pia kumwuliza swali moja dogo ambalo hufichua mengi: malipo ya ada yake yatakatwa kodi kiasi gani? Huduma za kitaalamu zinapolipwa na mfanyabiashara katika shughuli zake hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, ambayo mlipaji huipeleka TRA. Mhasibu anayetaka alipwe kamili, kimya na bila risiti, amekwisha kuonyesha jinsi atakavyoshughulikia kodi za mteja wake.

Baada ya hapo huja makubaliano, nayo yanafaa kuandikwa hata kama ni ukurasa mmoja. Yaeleze ni ritani zipi atakazopeleka na kwa tarehe zipi, nani ataandika daftari la kila siku, ada ni kiasi gani na hulipwa lini, na kwamba mteja atapewa nakala ya kila ritani pamoja na uthibitisho wa kupokelewa kwake. Kipengele cha mwisho ndicho chenye thamani kubwa. Uthibitisho huo ndio unaotofautisha ritani iliyopelekwa na ritani iliyoahidiwa.

Wafanyabiashara wengi wa mikoani huona haya kumwandikisha mkataba mtu waliyejulishwa na ndugu au waliyesali naye kanisani au msikitini. Haya hiyo inaeleweka, lakini mkataba humlinda mhasibu pia. Wapo wateja wanaoleta mfuko wa rambo wenye karatasi zilizolowa mafuta siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho, hawalipi ada ya mwaka uliopita, kisha hulalamika kwamba hawahudumiwi. Mhasibu aliyeandika kwamba karatasi zifike kwake ifikapo mwisho wa Februari ana la kujitetea.

Ikifika mahali pa kuachana, haraka huharibu. Mwenye biashara hana budi kwanza kwenda TRA mwenyewe, akiwa na kitambulisho na TIN yake, aulize ni ritani zipi zimepokelewa, zipi hazijafika, na deni limesimama wapi. Afanye hivyo kabla ya kumfokea mtu. Mara nyingine hali huwa nafuu kuliko ilivyodhaniwa, na mara nyingine ni mbaya zaidi. Katika hali zote mbili atakuwa akizungumza kwa ushahidi. Hapo hapo anaweza kuomba namba ya simu na barua pepe za akaunti yake zibadilishwe.

Kisha aandike barua ya kudai nyaraka zake, akizitaja: vitabu vya stakabadhi, taarifa za benki, mikataba, cheti cha usajili. Nyaraka alizompa mhasibu zinabaki kuwa mali yake. Kazi ambayo mhasibu ameifanya na haijalipwa ni suala jingine, na ugomvi wa ada usichanganywe na ugomvi wa vitabu. Mhasibu mpya naye, kwa desturi ya taaluma, huwasiliana na yule wa zamani ili kujua kama kuna jambo la kumzuia kupokea kazi. Asiyejisumbua kuuliza huenda akawa mwepesi wa kuahidi tu.

Kwa aliyesajiliwa, malalamiko ya ukiukaji wa maadili hupelekwa NBAA, ambayo makao yake makuu yako Dodoma, safari ya kilomita zipatazo 240 kwa lami kutoka Singida mjini. Bodi ina mamlaka ya kinidhamu juu ya wanachama wake. Kwa asiyesajiliwa Bodi haina usajili wa kumnyang'anya, ingawa kufanya kazi ya uhasibu kwa umma bila kusajiliwa ni kosa kisheria. Hasara ya fedha ni madai ya kupelekwa mahakamani, na aliyechukua fedha za kodi akazila ni mtu wa kuripotiwa polisi. Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, ambayo msingi wake uliwekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, hushughulikia malalamiko ya walipakodi dhidi ya usimamizi wa kodi. Haimshughulikii mhasibu binafsi, na wengi hupoteza muda kwa kutolijua hilo.

Muda ndio unaowaponyoka wengi. Mlipakodi asiyekubaliana na makadirio ana siku 30 tangu alipokabidhiwa ili kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu, na ili pingamizi lipokelewe hutakiwa kulipa kiasi cha kodi ambacho hakina ubishi au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kutegemea kipi ni kikubwa, isipokuwa amekubaliwa kupunguziwa au kusamehewa sharti hilo. Kwa yule mwenye kinu wa mfano, aliyekadiriwa milioni 21, theluthi hiyo ni milioni 7. Zinatakiwa Julai au Agosti, wakati fedha zake zote ziko ndani ya magunia.

Akishindwa kuzilipa lakini barua yake ya kuomba nafuu ikafika ndani ya muda, bado ana mlango. Kama makadirio yalikwenda kwenye barua pepe ya mhasibu asiyepokea simu, siku 30 huweza kwisha kabla hajajua kwamba zilianza.